Bamba la shaba lenye sumaku la kuziba matundu ya urembo kwenye bodi ya pikapu ya zamani

Pikapu nyingi za zamani ziliuzwa zikiwa na urembo ubavuni: mistari ya nikeli, nembo kwenye fenda, maandishi kwenye mlango wa nyuma. Vyote hivyo vilishikiliwa na klipu au pini zilizopita kwenye matundu. Chevrolet C10 ya kati ya 1967 na 1972 yenye urembo kamili ina msururu wa matundu unaoanzia fenda ya mbele, unapita mlangoni na kwenye kona ya kebini, unaishia mwisho wa bodi ya nyuma, na upande wa pili hivyohivyo. Anayefufua gari la namna hiyo na kutaka ubavu mtupu ana matundu mengi ya kuziba, mengi yakiwa na upana wa milimita 3 hadi 8. Tundu moja peke yake si kazi. Shida ni kwamba yote yamepangwa katikati ya bati pana na jembamba, mahali ambapo joto likizidi kidogo ubavu mzima unafanya mawimbi, na rangi inayong'aa haifichi mawimbi.

Kifaa ninachokitathmini hapa ni bamba la shaba nyekundu lenye sumaku, lile linalobandikwa nyuma ya tundu wakati fundi anachomelea upande wa mbele. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa matundu ya hadi milimita 6 au 7 kwenye bati safi ambalo nyuma yake panafikika, hakuna njia nyingine ya kuziba inayolikaribia kwa uimara na kwa wepesi wa kumalizia. Nje ya mipaka hiyo linasaidia kiasi tu, na pengine linaudhi. Mipaka yenyewe ndiyo inayostahili kuelezwa, maana maduka huuza bamba hili kana kwamba linaziba kila kitu.

Kinachofanyika nyuma ya tundu

Bati la pikapu za Marekani za miaka ya hamsini na sitini mara nyingi lina unene wa milimita 0.9 hadi 1.2. Ukilipigia mkondo wa weldingi kwenye ukingo wa tundu bila kitu nyuma, ukingo unayeyuka na kurudi nyuma kabla waya haujapata pa kukaa, na tundu la milimita 5 linageuka la milimita 9. Shaba inazuia hilo kwa njia mbili. Kwanza, inalibeba dimbwi la chuma kilichoyeyuka lisidondoke. Pili, inapitisha joto takribani mara saba au nane kuliko chuma laini, kwa hiyo inalivuta joto kutoka kwenye ukingo kwa kasi ambayo bati lenyewe haliwezi.

Wengi hushangaa kwamba weldingi haishiki kwenye shaba, ilhali shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi na chuma cha bodi karibu nyuzi 1,500. Jibu ni huko kupitisha joto: uso wa shaba haupati nafasi ya kufika kiwango chake cha kuyeyuka ikiwa bamba ni nene na mkondo ni wa sekunde moja. Bamba likiwa jembamba, au fundi akikawia, shaba inayeyuka kidogo na kuingia kwenye chuma. Weldingi yenye shaba ndani hupasuka inapopoa, na nyufa zake ni nyembamba kiasi cha kutoonekana hadi praima (rangi ya msingi) ikauke. Kwa sababu hiyo unene wa bamba ndio wa kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote.

Unaponunua

Milimita 5 ni unene mzuri, milimita 3 ndiyo ya chini kabisa. Chini ya hapo bamba linapata moto baada ya matundu mawili matatu na inabidi usubiri. Upana wa sentimita 4 kwa 6 unatosha. Makubwa zaidi hayakai vizuri kwenye bati lenye mpindo, yanaacha mwanya, na katika mwanya huo chuma hushuka kikafanya kinundu upande wa nyuma.

Hakikisha ni shaba nyekundu kweli. Yapo mabamba ya shaba ya njano, ambayo ndani yake kuna zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na mkondo ukiigusa inatoa moshi mweupe unaoharibu weldingi kwa vitundu na kumletea fundi homa ya moshi wa metali jioni yake. Yapo pia ya chuma kilichopakwa shaba juu. Hayo weldingi inashika moja kwa moja, na kulibandua bamba nyuma ya paneli ni kazi usiyoitaka. Pitisha tupa kwenye kona ya bamba uone rangi ya ndani, kisha ligusishe sumaku ya pembeni: shaba haivutwi na sumaku.

Mpini ni jambo la pili. Bamba lisilo na mpini linatosha kwenye fenda iliyofunguliwa. Mlangoni unahitaji mpini wa angalau sentimita 25, unaopindika, ili uingize kupitia matundu ya huduma upande wa ndani. Mipini iliyounganishwa kwa ribiti hulegea kwa joto. Iliyofungwa kwa boliti au skrubu hukazwa tena na kazi ikaendelea.

Sasa sumaku, sehemu yenye utata zaidi katika kifaa hiki. Inafaa kwa sababu inaachia mkono mmoja huru, na fundi anayefanya kazi peke yake anaweza kuziba mstari mzima bila msaidizi. Ila ina kasoro mbili. Sumaku za kawaida za neodimiamu zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi, na bamba la shaba linafika hapo haraka likitumika mfululizo. Nguvu iliyopotea kwa joto kubwa hairudi yote bamba likipoa. Kasoro ya pili ni kwamba uga wa sumaku unausukuma mkondo wa weldingi pembeni. Sumaku iliyo sentimita moja kutoka kwenye tundu inaufanya mkondo uyumbe, utemeteme cheche na kuacha upande mmoja wa tundu haujashika. Bamba zuri lina sumaku zilizokaa kwenye pembe, angalau sentimita 2.5 kutoka katikati, zikiwa zimetenganishwa na shaba kwa chuma kingine au kwa nafasi ya hewa. Lenye sumaku moja kubwa katikati chini ya shaba liache dukani, hata liwe limeng'arishwa namna gani.

Kuandaa tundu

Kabla ya kugusa chochote, weka karatasi ngumu juu ya paneli na uchore kila tundu na umbali wake kutoka kwenye kingo. Mwenye gari akija kubadili mawazo, au akiuza kwa mtu anayetaka urembo wake wa asili, karatasi hiyo itaokoa kazi kubwa. Weka alama pia kwenye matundu yasiyo ya urembo: ya kutolea maji chini ya mlango, ya klipu za raba, ya skrubu za kioo cha pembeni. Kuziba tundu la maji ni kuualika kutu ndani ya mlango.

Ondoa rangi hadi chuma kitupu, sentimita 3 kuzunguka kila tundu, mbele na nyuma. Upande wa nyuma ndio unaosahaulika, na ndio muhimu kuliko wa mbele: rangi, lami ya kuzuia kelele au kutu ikiwa kati ya bati na shaba, inaungua na kupuliza gesi ndani ya dimbwi, na matokeo ni weldingi yenye vitundu kama sponji. Ndani ya tundu lenyewe kuna pete ya kutu iliyojificha pale klipu ilipokuwa ikisugua. Isafishe kwa tupa ndogo ya mviringo au kwa biti kubwa kidogo, mpaka ukingo ung'ae. Ukiona baada ya kusafisha ukingo umebaki mwembamba kama karatasi, usizibe tundu hilo. Kata mraba wenye pembe za mviringo na uweke kiraka cha bati jipya.

Matundu ya skrubu na ya pini mara nyingi yana mdomo, uliovutwa nje wakati urembo ulipong'olewa au ulioingia ndani kwa miaka ya kukazwa. Ulaze kwanza. Shika doli (kipande kizito cha chuma cha kuegemeza bati) nyuma, gonga kwa nyundo nyepesi mbele, mpaka rula iliyolazwa juu ya tundu isicheze. Ukichomelea mdomo ukiwa umeinuka, utakuja kuusaga na bati zima, na utabaki na pete nyembamba ambayo itapasuka.

Futa mafuta kwa kisafishio cha kuondolea nta na grisi, uache kikauke kabisa. Usitumie kisafishio cha breki chenye klorini, hata tone. Mvuke wake ukipata joto na mwanga wa weldingi hutoa gesi ya fosjini, ambayo inaua.

Mashine na mpigo

Kwa bati la milimita 0.9 mashine ya MIG (weldingi ya waya unaojisogeza na gesi) yenye waya wa milimita 0.6 aina ya ER70S-6 ndiyo inayolingana na bamba hili. Gesi ni mchanganyiko wa argoni asilimia 75 na kaboni dayoksaidi asilimia 25, lita 8 hadi 12 kwa dakika, upepo ukiwa umezuiwa. Weka ampea 35 hadi 50 na ujaribu kwenye kipande cha bati la unene uleule kilichotobolewa tundu la upana uleule, shaba ikiwa nyuma. Waya wa unga usiohitaji gesi unaweza kuziba, lakini una joto zaidi, unatema sana, na masalia ya unga yanabaki kwenye ukingo wa chini karibu na shaba. Kwa kazi ya bodi siupendekezi.

Hapa kuna jambo linalowapotosha hata mafundi wazoefu. Kwa kuogopa kutoboa, wanashusha mkondo chini sana, na waya unarundikana juu ya tundu bila kushika kingo. Juu linaonekana limezibwa. Likisagwa, pete nyeusi inajitokeza pembezoni, na siku moja plagi nzima inadondoka ndani ya mlango. Shaba ikiwepo nyuma, mkondo unapaswa kuwa juu kidogo kuliko ule wa kuchomelea bati bila kinga, na mpigo uwe mfupi. Moto mkali wa muda mfupi unapasha eneo dogo. Moto hafifu wa muda mrefu unasambaa kwenye paneli nzima.

Mpigo wenyewe uanze juu ya chuma, kwenye ukingo wa tundu, kamwe usianze juu ya shaba katikati. Waya ukigusa ukingo, bonyeza, uone dimbwi linalowa kwenye bati, kisha sogeza ncha katikati ya tundu na uachie. Yote hayo ni kama sekunde moja. Kwa tundu la milimita 3 umemaliza. Kwa milimita 5 anza upande mmoja, achia, subiri wekundu upotee kwenye chuma, piga ukingo wa upande wa pili, kisha funga katikati. Kwa milimita 7 zunguka kingo kwa spoti (vidoa vya weldingi) nne zinazotazamana, ukiacha zipoe kati ya moja na nyingine, ndipo ujaze kati. Alama ya kazi nzuri utaiona nyuma ukiliondoa bamba: uso bapa, laini, unaong'aa, uliochukua sura ya shaba, na mstari wa ukingo wa zamani hauonekani. Ukiuona ule mduara bado, hata kwa robo yake, haijashika, rudia hapo.

Usizibe matundu yaliyofuatana. Piga la kwanza kwenye fenda, nenda kwenye mlango, nenda bodi ya nyuma, urudi. Tundu jirani lisiguswe mpaka kiganja kiweze kutulia juu ya bati. Bamba nalo lipoe. Ukilitumbukiza kwenye maji lifute na kulikausha kabisa kabla ya kulirudisha, kwa kuwa unyevu unaleta vitundu. Mabamba mawili yanayopokezana yanaondoa usumbufu huu wote, na kwa maoni yangu ni afadhali kununua mawili madogo kuliko moja kubwa.

Tundu kubwa kuliko hapo

Matundu ya antena na ya mikono ya vioo vya pembeni yanaweza kufika milimita 20 na zaidi. Kuyajaza kwa waya mtupu ni kosa hata ukiwa na shaba bora kuliko zote: wingi wa chuma kilichoyeyuka ukipoa unajikunja na kulivuta bati, na unabaki na bonde la upana wa sahani. Kata kiduara cha bati la unene uleule kinachoacha mwanya wa nusu milimita kuzunguka. Hapo bamba linageuka kuwa meza: kiduara kinakaa juu ya shaba, kikiwa sawa na bati, na sumaku inashikilia vyote. Piga spoti nne zinazotazamana, angalia kwa rula, kisha jaza kati yake kwa spoti mojamoja.

Kwa matundu ya milimita 8 hadi 10 mafundi wengi hutumia kichwa cha msumari kilichosagwa kikawa bapa. Kinafaa ikiwa msumari haukupakwa zinki. Vipande vinavyodondoka unapotoboa bati kwa mashine ya panchi ni bora zaidi, kwa kuwa unene wake unalingana na bati na ni mviringo kamili.

Bati likivutika, na kusaga

Kila weldingi ikipoa inajikunja. Kwenye tundu dogo bati linazama kidogo kulizunguka, na rula inaonyesha mwanga chini yake. Kujaza bonde hilo kwa puti kunawezekana, ila njia sahihi ni kulirudisha bati lenyewe. Punguza kwanza kinundu cha juu mpaka kibaki kimeinuka kwa unene wa kadi hivi. Weka doli nyuma moja kwa moja chini ya weldingi, uigonge kwa nyundo bapa, mapigo mepesi. Nyundo ikikutana na doli inaipanua weldingi iliyojikunja, na bati linainuka polepole kurudi mahali pake. Pima kwa rula kila baada ya mapigo machache, kwa sababu ukizidisha bati litafura na kucheza kama kifuniko cha debe. Bamba la shaba halifai kuwa doli kwa kazi hii; ni laini, litaingia mabonde na halitalala tena vizuri.

Kusaga ndiko kunakoharibu paneli ambazo weldingi haikuziharibu. Diski ngumu ya kusagia inapasha bati haraka, na bati likigeuka buluu ujue limeshapata joto la kupinda. Tumia diski ya kukatia ya milimita 1, upande wa ukingo wake, kukikwangua kinundu tu, kisha diski ya msasa namba 80 kwa kugusagusa, ukihamia tundu jingine kila sekunde mbili tatu. Acha kusaga weldingi ikiwa sawa na bati. Wanaotaka isionekane kabisa husaga bati la pembeni likawa jembamba, na nyundo ikija juu yake inapenya. Mwisho weka taa nyuma ya paneli kwenye giza. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu la sindano, na maji yatalipata. Lirudie kwa mpigo mmoja, shaba ikiwa nyuma.

Mahali bamba linaposhindwa

Bodi ya nyuma ya pikapu nyingi zenye ubavu laini ina ukuta wa ndani, na kati ya kuta hizo mbili mkono hauingii. Nguzo za kebini ni hivyohivyo. Bamba lenye mpini mrefu linaweza kufika baadhi ya sehemu kwa kupitia tundu la taa ya nyuma, ila hutaona linavyokaa wala hutaweza kusafisha upande wa nyuma wa bati. Hapo ni kiduara kilichotengenezwa kuingia kwa kubana, au gundi.

Kwenye mpindo mkali, kama ule wa mstari unaokimbia ubavuni mwa fenda, bamba bapa linagusa sehemu mbili tu. Shaba inaweza kulainishwa kwa kuipasha hadi wekundu hafifu na kuitumbukiza majini, kisha ikapindwa kwa mkono kufuata umbo. Fungua sumaku kwanza. Mbadala wa karibu ni bomba la maji la shaba la milimita 22 lililopondwa likawa bapa. Ukuta wake ni wa milimita 1 hivi, ukikunjwa unakuwa tabaka mbili, na linafuata mpindo vizuri kuliko bamba la dukani. Linapata moto upesi na halijishiki lenyewe, lakini kwa mwenye matundu manne ya nembo tu, bomba hilo linatosha na hana haja ya kununua kitu.

Njia nyingine zikilinganishwa

Puti peke yake ndani ya tundu isifanyike. Puti ya poliesta ina unga wa talki na inanyonya unyevu. Tundu lililojazwa puti linanyonya maji kutoka nyuma, kutu inaanza kwenye ukingo ambao puti imeushika, na baada ya muda pete inachomoza chini ya rangi. Pikapu inatetemeka kuliko gari dogo, na plagi ya puti haina kitu cha kuishikilia. Puti yenye nyuzi za fiberiglasi inavumilia maji zaidi, na watu huibandika nyuma na mbele ikawa kama ribiti. Inaahirisha tatizo, hailiondoi.

Gundi ya epoksi ya paneli ni mpinzani wa kweli. Unaweka kipande cha bati nyuma ya tundu, kikizidi tundu kwa sentimita 2 hivi kila upande, chuma kikiwa kimekwaruzwa hadi kung'aa pande zote mbili. Hakuna joto, hakuna kupinda, tangi la mafuta na vioo haviko hatarini. Gundi kama 3M 08115 inampa fundi takribani dakika 90 za kufanya kazi na inahitaji kama saa 24 kukomaa kwenye nyuzi 23. J-B Weld ya kawaida, inayochanganywa nusu kwa nusu, inashika kwa saa 4 hadi 6 na kukomaa ndani ya saa 15 hadi 24. Kasoro yake ni kwamba tundu lenyewe linabaki shimo la kujazwa, na kilichomo ndani hakipanuki kwa joto sawa na bati. Rangi nyeusi ikikaa juani, mduara wa tundu unaweza kujichora juu ya uso ingawa hakuna kilichopasuka. Kwa rangi nyeupe au isiyong'aa, na kwa bodi yenye kuta mbili, gundi naikubali bila wasiwasi.

Kulehemu kwa risasi ni njia ya zamani na bado ni nzuri kwa mikono inayoijua. Mchanganyiko wa bati nyeupe asilimia 30 na risasi asilimia 70 unaanza kulainika kwenye nyuzi 183 na unabaki kama ugali hadi karibu 255, kwa hiyo unapakwa na kusawazishwa kwa kipande cha mti. Ila majimaji ya asidi yanayotumika kusafishia lazima yafutwe na kuzimuliwa kwa magadi ya kuokea na maji, ama sivyo rangi itafura malengelenge. Na risasi haisagwi kwa grenda kamwe, kwa ajili ya vumbi lake lenye sumu. Inapunguzwa kwa tupa ya bodi. Jambo moja zaidi: miunganiko mingi ya kebini za zamani ilijazwa risasi kiwandani. Tundu lililo karibu na muunganiko huo lisipigwe weldingi mpaka risasi yote iondolewe, kwa sababu risasi ikiingia kwenye dimbwi chuma hakishiki.

Kabla ya kuwasha mashine, ujue tangi liko wapi. Kwenye C10 za 1967 hadi 1972 tangi la mafuta limekaa ndani ya kebini, nyuma ya kiti, sentimita chache kutoka kwenye matundu ya urembo wa kona. Linatolewa nje ya gari, na nje ya chumba. Betri nayo ifunguliwe, na vioo vifunikwe kwa blanketi la kuzuia moto, maana cheche za grenda huzama kwenye kioo na hazitoki kwa kupolishi.

Baada ya kuziba

Weldingi tupu inashika kutu upesi kuliko bati lililo pembeni yake. Paka praima ya epoksi siku hiyohiyo, mbele na nyuma, kisha puti nyembamba juu yake kwa muda ambao mtengenezaji wa praima ameruhusu. Hadina (kigandishi) ya puti ni kama asilimia 2 kwa uzito. Ukizidisha, rangi ya hadina inaweza kupanda na kutia doa juu ya rangi ya mwisho. Ikiwa bati lilinyooshwa vizuri, hutahitaji puti ya kuzidi milimita 1. Nyuma, pulizia nta ya kuzuia kutu iliyo nyepesi, inayotambaa. Nta hiyo ipulizwe baada ya rangi ya nje kumalizika. Ikitangulia, itavuja kwenye viungo wakati wa kupasha rangi na kuacha vijicho vya samaki, yaani vishimo vidogo kwenye rangi.

Bamba lenyewe halihitaji matunzo mengi. Lisugue kwa msasa namba 120 kila linapopata tabaka jeusi, kwa sababu tabaka hilo linapunguza kugusana na bati. Vinundu vya chuma vikirukia juu yake vitolewe kwa tupa mara moja. Sumaku zifunikwe kwa mkanda wa plastiki wakati wa kuhifadhi: unga wa chuma unaozishika kutoka sakafuni huingia kati ya bamba na bati, na robo ya milimita ya mwanya inatosha kuliharibu dimbwi.